Maji ya kuoga usiyamwage: namna ya kuanza maisha Japani ukitokea Lubumbashi

Kila asubuhi baba akiwasha gari lake, kuna mwanamke anayezungumza kutoka chini ya volani. Amekuwa akizungumza tangu gari lilipovuka mpaka wa Kasumbalesa, na baba, mtu wa heshima, humjibu kila siku: "Jambo, mama." Wiki iliyopita akakumbuka kwamba ana mtoto aliyeishi Japani karibu miaka kumi. Akaniita kutoka jikoni, akazima gari, akaliwasha tena.

"Sikiliza. Anasema nini?"

Anasema, kwa Kijapani: ETC kaado ga soonyuu sarete imasen. Kadi ya kulipia barabara kuu haijaingizwa.

Baba alinyamaza. "Miaka sita," akasema, "kumbe ananidai."

Nimekuja likizo kutoka Akita, kaskazini mwa Japani, na lupango letu, yaani ua wa nyumba, hapa Katuba, Lubumbashi, halikauki wageni. Mdogo wangu amepata bursi (ufadhili wa masomo) ya serikali ya Japani, anaondoka mwishoni mwa Septemba, na kila jirani mwenye mtoto aliyemaliza chuo anataka yaya, yaani dada mkubwa, amweleze njia ilivyo. "Yaya, kule banakulaka nini?" "Yaya, ni kweli treni zao hazichelewi?" Nimejibu mpaka sauti imekwisha. Sasa naandika, anayetaka asome.

Video za Japani zimejaa maua ya sakura, roboti na vyoo vinavyokuosha vyenyewe. Vyote vipo, na hakuna hata kimoja kitakachokusumbua. Kitakachokusumbua ni hiki: Lubumbashi ukikosea, watu watano watakuambia kabla hujamaliza kukosea, na wawili kati yao hata hawakujui. Akita unaweza kukosea miezi sita mfululizo, jengo zima likaona, na mtu asifungue mdomo. Si kwamba hawajali. Kwao kukuaibisha ni kosa zito kuliko kosa lako. Kwa hiyo kabla ya kujifunza kuinama, panga kumtafuta mtu mmoja atakayekuambia ukweli. Nitakuonyesha wangu nilimpata wapi.

Valizi

Mizigo ni miwili, kilo 23 kila mmoja. Mama ameshaficha kilo nane za unga wa mahindi chini ya mzigo wa kwanza. Nilizitoa usiku; asubuhi nikazikuta zimerudi, zimefunikwa taulo. Namwelewa. Lakini kilo nane hazifiki Krismasi, na mtoto anaenda miaka miwili.

Nyama iache, ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, hata soseji ya kwenye pakiti. Hairuhusiwi kuingia bila cheti cha serikali ya nchi ilikotoka, na pale uwanja wa ndege kuna mbwa wadogo wenye kazi hiyo tu ya kunusa valizi. Matunda na majani mabichi vilevile. Acha koti zito ulilochagua kwenye mitumba ya soko la Kenya hapa mjini. Zito ni zito kweli, lakini theluji ikiyeyuka juu yake utakuwa umebeba ndoo ya maji begani. Koti na viatu vya theluji nunua kulekule, katika maduka ya vitu vilivyotumika. Yapo mengi, na Mjapani huuza kitu kikiwa bado kinang'aa.

Pasi na mashine ya kunyolea ziache pia. Umeme wa kule ni volti 100, wetu ni 220. Pasi yako itapata joto la chai iliyosahaulika mezani. Chaja ya simu na ya kompyuta haina shida ikiwa imeandikwa 100–240V kwa yale maandishi madogo. Tafuta tu adapta ya meno mawili bapa.

Sasa vya kubeba. Pesa kwanza: bursi yenyewe inashauri mwanafunzi aje na kama dola 2,000, kwa sababu malipo ya kwanza hayakusubiri mlangoni. Hapa tumezoea dola yenye tundu la sindano kukataliwa sokoni, kwa hiyo najua utakuwa na noti safi. Franka mwachie mama.

Soksi, jozi kumi na mbili, zisizo na tundu. Utavua viatu nyumbani kwa watu, katika baadhi ya mikahawa, hata kwa daktari. Kidole gumba kikichungulia mbele ya profesa, utakikumbuka mpaka uzeeni.

Dawa unazotumia, zisizidi za mwezi mmoja, pamoja na karatasi ya daktari. Lakini dawa za mafua zenye pseudoefedrini usiziguse. Kule nyingi zimepigwa marufuku, na forodha haitaki kusikia kwamba ulikuwa unapiga chafya. Dada zangu, bebeni meshi, nywele za kusukia, na kitana chenu. Katika mji wa ukubwa wa Akita sikupata mtu wa kunisuka. Nilijifunza kujisuka mbele ya kioo, mistari ikaenda kama barabara ya Kasenga wakati wa mvua, mpaka mkono ukazoea.

Na zawadi. Kule hufiki mahali mikono mitupu. Zawadi iwe ndogo, ifungwe vizuri, ghali sana isiwe, maana ikizidi unampa mwenzako deni. Mimi nilibeba mayai madogo ya malakiti kutoka kwa wachongaji wa hapa mjini. Profesa wangu wa jiolojia alipolipokea lake alilishika kwa mikono miwili, akaligeuza dirishani, akasema jina la jiwe hilo kwa Kijapani: kujakuishi. Jiwe la tausi. Nimekulia juu ya jiwe hilo, na sikuwahi kumwona tausi ndani yake mpaka siku ile. Yeye naye alinionyesha la kwao, kurokoo, maana yake madini meusi, yenye zinki, risasi, shaba na fedha vimeshikana pamoja. Linatoka kaskazini mwa Akita, na wanajiolojia wa dunia nzima wamelichukua na jina lake.

Siku kumi na nne

Uwanja wa ndege watakupa kadi ya ukaazi. Itembee nawe kila siku, ni sheria. Ukishapata anwani una siku 14 za kwenda kuiandikisha ofisi ya mji. Hapohapo utaandikishwa bima ya afya ya taifa. Ukiugua unalipa asilimia 30 ya gharama, iliyobaki bima inabeba. Halafu kuna pensheni: ukiwa na miaka 20 au zaidi lazima uingizwe, ila mwanafunzi anaweza kuomba asilipe wakati wa masomo. Ombi unalipeleka mwenyewe. Mimi hakuna aliyeniambia, nikapata bahasha mfululizo, nikadhani ni matangazo.

Bursi huja mwisho wa mwezi, na kila mwezi lazima uende mwenyewe chuoni kutia saini. Ukisahau saini, hakuna pesa. Nilipokuwa masters ilikuwa yeni 144,000 kwa mwezi. Akita inatosha na baki ya kutuma nyumbani, Tokyo ungebana mkanda. Ukitaka kufanya kazi ndogondogo omba kibali kwanza, na usipite saa 28 kwa wiki. Hilo usilichezee, watu wamerudishwa.

Jambo moja shika sana. Ukipata homa katika wiki za mwanzo, mwambie daktari kwa mdomo wako kwamba umetoka eneo la malaria. Usingoje akuulize. Daktari wa Akita anaweza kufanya kazi miaka thelathini bila kuona mgonjwa hata mmoja wa malaria. Atafikiria mafua, na atakupa dawa ya mafua kwa upole mkubwa.

Nyumba: anza na bweni. Baadaye ukipanga, garanti, pesa ya dhamana, tunaijua, inafanana na ya hapa. Tusiyoijua ni reikin, pesa ya kumshukuru mwenye nyumba kwa kukubali kukupangisha, na hairudi. Uliza vyumba visivyo na reikin, vipo.

Kuhusu taka nitasema kwa ufupi ingawa zitakula akili yako mwezi mzima. Ofisi ya mji itakupa kalenda ya rangi. Zinazoungua zina siku zao, chupa na makopo siku zao, plastiki na karatasi vivyo hivyo, na baadhi ya miji inataka mfuko wake maalum unaouzwa dukani. Unatoa asubuhi ya siku yenyewe, si usiku uliotangulia, na unafunika na wavu kwa sababu kunguru wa kule ni majambazi. Ukikosea, mfuko unabaki palepale na stika juu yake, na kila anayekwenda kazini anapita mbele yake. Piga picha kalenda, ibandike mlangoni. Friji, televisheni na mashine ya kufulia usikubali za bure kabla ya kufikiri: siku ya kuvitupa utalipa wewe.

Maji

Februari 2017 chuo kilinipeleka kulala usiku mmoja kwa familia ya wazee huko Kazuno. Nje theluji ilifika dirishani. Tulikula, tukacheka kwa ishara, halafu bibi akaniambia bafu liko tayari, mgeni aoge kwanza.

Bafu la nyumba ya Kijapani lina beseni refu lenye kina, maji yanafika mabegani, moto kiasi cha kukufanya useme jina la mama yako. Nilikuwa nimesoma sheria. Kwanza unakaa kwenye kigoda kidogo nje ya beseni, unajisugua, unajimwagia maji mpaka povu lote liishe, ndipo unaingia. Nywele zisiguse maji. Taulo dogo lisiingie majini, liweke kichwani au pembeni. Nilifanya yote. Nikakaa, mifupa ikayeyuka, nikawasamehe wote walionikosea tangu shule ya msingi.

Kisha nikatoka, nikayatazama yale maji niliyolala ndani yake. Na hapo malezi ya Katuba yakaniponza. Kwetu kumwachia mzee maji uliyoogea ni tusi. Nikavuta kizibo. Maji yote yakaenda. Nikachukua sponji nikasugua beseni likang'aa, nikalikausha, nikatoka nimejaa fahari, mtoto aliyefunzwa.

Bibi akaingia. Kukawa kimya. Halafu nikasikia bomba linafunguliwa.

Akarudi akitabasamu, akaniongezea chai. Babu akaendelea kutazama televisheni katika nguo zake za kuogea, taulo shingoni. Ilipita saa nzima kabla hajaingia bafuni, na ilikuwa karibu saa tano usiku. Asubuhi walinipa tufaha sita na barua ya shukrani. Hakuna aliyesema neno.

Maji yale, kumbe, ni ya nyumba nzima. Ndiyo maana unajisafisha nje kwanza: unaingia majini ukiwa tayari safi, kujipasha moto tu. Ukimaliza unarudisha kifuniko ili joto lisitoke, na anayefuata anaingia. Nilikaa miezi mitatu bila kujua kosa langu. Aliyeniambia ni bibi muuza uyoga.

Tafuta sokoni

Kaskazini mwa mji wa Akita kuna mji mdogo uitwao Gojome. Soko lake la asubuhi linafanyika tangu 1495. Siku zake ni tarehe zinazoishia na 2, 5, 7 na 0, barabarani tu, wazee wametandaza vitu chini au mezani: uyoga, mboga za porini wanazochuma milimani theluji ikiisha, figili za kuchachusha, maua, samaki. Maduka makubwa ya Japani kila kitu kimefungwa plastiki na bei haijadiliwi. Gojome nilisikia kelele ya soko kwa mara ya kwanza baada ya nusu mwaka, na nilisimama njiani macho yakiwa na machozi kama mtu aliyefiwa.

Bibi wa uyoga alinipimia, nikalipa, kisha akachota kiganja kingine akakitia mfukoni mwangu. "Omake," akasema. Nyongeza. Nikamwambia kwa Kijapani changu kibovu kwamba kwetu hiyo inaitwa matabisi. "Matabishi!" akasema, akawageukia wenzake, na tangu siku hiyo mimi naitwa Matabishi katika soko lile. Ndiye niliyemweleza habari ya Kazuno, nikijisifu jinsi nilivyosafisha beseni. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniambia wazi, kwa lafudhi nzito ya Akita, kwamba nilimlaza babu wa watu na baridi.

Ndiyo hivyo. Vijana wa chuo watakulinda na ukweli. Ni wapole mno. Nenda kwa wazee wanaouza vitu. Nunua kidogo, rudi wiki ijayo, nunua tena kwa yuleyule. Safari ya nne muulize: nimekosea nini? Uliza hivyohivyo. Ukiuliza "nimekosea?" utajibiwa hapana.

Ama hapana yenyewe, jifunze kuisikia maana haitamkwi. Mtu akivuta hewa kati ya meno na kusema "chotto...", yaani "kidogo...", akaiacha sentensi ikining'inia, amekataa. Akisema watalifikiria, amekataa. Rafiki yangu wa Likasi alingoja wiki tatu jibu la chumba baada ya kuambiwa kwamba "ni kidogo". Na tusijifanye wageni wa mchezo huu. Hapa karani akikuambia "pita kesho", unaelewa nini?

Na matabisi ya mhudumu, ile pesa ya mkononi, usitoe. Atakukimbilia barabarani kukurudishia. Pesa ya kawaida nayo haiwekwi mkononi kwa mtu. Kuna kisahani karibu na mashine, weka hapo.

Jikoni

Bukari, yaani ugali. Unga mweupe wa mahindi unaagizwa kwa intaneti kutoka maduka ya vyakula vya kigeni, unakuja mpaka mlangoni, bei ni ya kukufanya ule polepole. Mimi nimejizoeza kuchanganya na unga wa mchele, mama asisikie.

Majirani wa bukari ndio habari njema. Bamia ipo, na inaitwa okura. Majira ya joto kuna mboga iitwayo moroheiya: ni mlenda, mlenda wenyewe, unavuta vilevile. Magimbi yapo, madogo, ya kuteleza. Na samaki wadogo waliokaushwa, niboshi, wako kila duka. Wao huwachemsha kupata supu kisha wengi huwatupa. Huwatupa! Mimi nawakaanga na nyanya na kitunguu kama ndagala, dagaa wetu, jengo zima linajua nimepika. Aliyekuambia Wajapani watacheka vinkubala wetu, wale viwavi wa kuliwa, mwambie kuna mikoa ya milimani ambako panzi hupikwa kwa sosi ya soya na sukari. Nimekula. Wanahitaji pilipili.

Kula pia cha kwao: kiritanpo, wali uliopondwa, ukabanwa kwenye kijiti na kuchomwa, halafu unachemshwa katika mchuzi wa kuku. Ni chakula cha Akita na mtu wa bukari atakielewa papo hapo. Na jioni, kuanzia kama saa mbili usiku, nenda duka la chakula ukamfuate mfanyakazi mwenye stika. Alama mbili, 半額, zina maana nusu bei. Hizo jifunze kabla ya salamu.

Mbabula

Sisi tunadhani tunaijua baridi kwa sababu ya Juni na Julai. Hatuijui. Nyumba nyingi za Japani hazina joto la kati. Unapasha chumba ulichomo tu, na chooni utaona pumzi yako. Nunua kotatsu, meza ya chini yenye kipasha joto na blanketi, ingiza miguu. Tatizo lake moja ni kwamba huwezi kutoka.

Wengi Akita wanatumia jiko la mafuta ya taa, mafuta yanauzwa kwa madumu mekundu ya lita 18. Hapa ndipo mtoto wa Lubumbashi ana elimu tayari: hulali na mbabula, jiko letu la makaa, inawaka ndani. Jiko lile ni mbabula iliyovaa suti. Fungua dirisha kidogo kila saa, zima kabla ya kulala. Usiku wa barafu kali kuna vali ya kuondoa maji ya mabomba yasigande, uliza ilipo Novemba, si Januari. Na usipite chini ya ukingo wa paa lenye theluji. Inaanguka yote kwa pamoja, na kila mwaka inaua watu, pamoja na wale wanaopanda kuiondoa.

Kutembea

Treni ya kasi, Komachi, inakufikisha Tokyo kwa kama saa nne na inakula pesa. Mwanafunzi hutumia basi la usiku, au tiketi iitwayo Seishun 18: siku tatu mfululizo kwa yeni 10,000, tano kwa 12,050, treni za kawaida tu, misimu ya likizo. Akita mpaka Tokyo itakuchukua siku nzima. Ndani ya treni simu haipigwi. Waambie wa nyumbani mapema, kwa sababu saa saba za tofauti hazimzuii mama kukupigia anapotaka.

Mtoto wa Katanga asiache kwenda Osarizawa, mgodi wa zamani wa shaba uliofungwa 1978, ambako unatembea ndani ya mashimo, baridi nyuzi 13 mwaka mzima. Na Kosaka, ambako mgodi umekwisha lakini tanuru linaendelea: siku hizi linayeyusha pia vyombo vya umeme vilivyotupwa, simu na kompyuta, na kutoa dhahabu, fedha na shaba. Nilisimama pale nikawaza mlima wetu mweusi wa mabaki ya tanuru la Lubumbashi na ule moshi uliotulea. Wao wanachimba takataka, na sina shaka baadhi yake ilianzia kwetu.

Mwaka mpya nenda rasi ya Oga. Usiku wa Desemba 31 wanaume waliovaa vinyago na majani makavu, Namahage, huingia nyumba kwa nyumba wakinguruma wakiuliza kama kuna watoto wavivu. Watoto hulia kweli. Baba mwenye nyumba huwapa pombe, wakatulia. Agosti 3 mpaka 6 kuna tamasha la Kantoo mjini Akita, mianzi ya mita 12 yenye taa 46 za karatasi, kilo 50, mtu mmoja anaisimamisha kwenye kiganja, kisha paji la uso, kisha kiuno. Nilipanda ndege ya kuja huku siku mbili baada ya hapo, shingo bado inauma kwa kutazama juu.

Mlimani vaa kengele. Si utani: dubu. Mwaka 2025 walizidi mpaka jeshi likaitwa Akita kusaidia kubeba mitego. Na simu ikilia sauti usiyoijua, ingia chini ya meza kwanza, maswali baadaye, ni tetemeko. Ukiwa pwani, likiisha kutikisa panda juu bila kungoja tangazo. Mei 26, 1983 wanafunzi 13 wa shule ya msingi, waliotoka bara kuja kula chakula chao ufukweni Oga, walichukuliwa na tsunami.

Anza leo, hapa

Kijapani kina mwandiko wa aina tatu. Kanji ni safari ya miaka. Lakini hiragana na katakana ni alama 46 kila mmoja, wiki tatu zinatosha, na irabu zao ni zetu: a, i, u, e, o, hazibadiliki. Mswahili anatamka Kijapani vizuri kuliko Mfaransa yeyote niliyemsikia darasani. L hawana, kwa hiyo mji wetu unakuwa Rubunbashi, na kwa kuwa "bashi" mwishoni mwa jina la mahali ni daraja, kama Nihonbashi, nimeulizwa mara nyingi daraja hilo linavuka mto gani.

Vitabu huhitaji. Simama barabarani. Hiace za Lubumbashi bado zimeandikwa ubavuni majina ya maduka ya samaki, mafundi bomba na hoteli za Japani, hakuna aliyeyafuta. Jana nilimpeleka mdogo wangu kituoni na daftari. Ikaja moja nyeupe, imejaa mama na magunia ya makala ya kupikia, yaani makaa, juu, na ubavuni alama tano kubwa za hiragana. Akaanza moja moja, kidole hewani: yo... u... chi... e... n.

"Yoochien," nikamwambia. "Shule ya chekechea. Hili lilikuwa gari la watoto."

Akabaki anatabasamu, kidole bado kiko juu. Kijana anayepokea pesa akatoa kichwa mlangoni.

"Wewe, unapanda ao unasoma?"